Tunapoifunga Nyumba ya Panya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dakta Kalisti, mganga mfawidhi wa hospitali yetu, Baba Paroko pamoja na masista, Sheikh wetu, Mzee Bujiku, mwenyekiti wa kijiji cha Mwisengo, pamoja na wajumbe wa kamati yako ya maji, Mama Lataben Kanji na ndugu zako mliosafiri asubuhi hii kutoka Kahama, Ndugu Donatus na familia ya marehemu Asteria Mageni, wauguzi wenzangu, wagonjwa mlioweza kutoka wodini, ndugu wananchi: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo, na wale wa rika langu, poleni na jua.

Kwa wageni msionifahamu, mimi ni Limi Mwigulu, muuguzi mkuu wa hospitali hii. Kamati ya maandalizi imenipa kazi ya kumuaga Dakta Hiral Kanji, na ikanisihi nitumie maneno mafupi na mazuri. Mafupi nitajitahidi. Mazuri yapo, tena mengi, kwa maana binti huyu ametufanyia kazi ambayo wengi wetu tusingeithubutu. Lakini mnisamehe, wanakamati, hayatakuwa peke yake. Tunafunga nyumba hii mwezi wa Agosti, na mwezi Juni tulimzika mtu aliyeitunza kwa mikono yake. Nikisimama hapa nikasifu tu, nitakuwa nimewaaga nusu yenu na kuwadanganya nusu nyingine.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuingia katika ile nyumba yenye bati la kijani nyuma ya chumba cha eksirei, nieleze kidogo ilikuwa nyumba ya nini, maana najua majina mliyoipa. Wagonjwa wa wodi ya wanaume waliiita gesti ya panya. Walikuwa wananiambia, "Sista Limi, sisi hapa tunalala wawili kitanda kimoja, na panya wenu wana feni!" Walikuwa na haki ya kusema. Panya wale walikuwa na feni, walikuwa na maranda mapya kila wiki kutoka kwa fundi seremala, na dagaa wao waliletwa na basi kutoka Chato. Mimi mwenyewe kuna siku niliwaonea wivu.

Dakta Hiral alizaliwa Kahama, nyuma ya duka la baiskeli na vipuri la marehemu baba yake, Mzee Ankit Kanji. Alisoma shule pale pale, akaenda Dar es Salaam, akaenda Ulaya, akafika mahali ambapo watu wa kwetu wakifika huwa tunawaona kwenye picha tu. Mwaka tisini na nne alirudi, na mzigo aliorudi nao ulikuwa masanduku ya panya weupe. Dereva wetu aliyekwenda kumpokea Mwanza ametusimulia mara nyingi jinsi ofisa wa uwanja wa ndege alivyoinama, akachungulia kwenye tundu, akamtazama dada huyu kwa huruma. "Dada yangu," akamwambia, "umetoka Ulaya kote huko, hukuona kitu kingine kinachopungua Usukumani?"

Naye akamjibu kwa Kiswahili cha Kahama kabisa, "Kaka, hawa ni wagonjwa. Wamekuja kuugua kwa niaba yetu."

Neno lile lilikuwa la kweli. Huko maabara wataalamu huchukua yai la panya likiwa limetungishwa karibuni, dogo kuliko chembe ya vumbi, wakalipandikiza kipande cha urithi ambacho si chake, kile wanachokiita jeni. Panya anayezaliwa humo ukimwona ni panya kama panya: ana masharubu, ana mkia, anapenda dagaa. Lakini mishipa yake ya damu imezaliwa dhaifu, na ule uvimbe ambao kwa binadamu ungechukua miaka mingi kujitokeza, kwake hujitokeza kwa miezi. Huyu wa ghalani, anayetumalizia mahindi, ni mgumu mno. Anaweza kunywa sumu kidogo kidogo hadi akazeeka na asikuambie chochote. Hawa waliopandikizwa jeni walikuwa wepesi kuumia, na kwa wepesi huo wangeweza kutujibu mapema swali ambalo miili yetu sisi ingelijibu tukiwa kaburini.

Swali lenyewe lilikuwa lipi? Lilikuwa la Mwisengo.

Dakta Kalisti, wewe ndiye uliyelianza. Ndiwe uliyekuwa unawapokea watu wa Mwisengo wakiwa na madoa meusi viganjani, wakilalamika ganzi na baridi ya miguu wakati sisi wengine tunajipepea. Ndiwe uliyekuwa unawakata vidole vya miguu vilivyokufa na kuwa vyeusi kama mkaa, na baadaye mguu wenyewe. Ndugu Donatus aliyekaa pale mbele anajua habari hiyo kuliko mimi. Na kila aliyeulizwa sababu alikuwa na sababu yake. Huyu alisema ni sigara, kwa kuwa Donatus alikuwa mvutaji. Yule alisema ni ukoma. Wengine walisema mambo ambayo sitayataja mbele ya Baba Paroko na Sheikh.

Dakta Hiral alipofika, alichukua maji ya kisima cha Mwisengo akayapeleka Dar es Salaam, na majibu yakarudi kwamba yana aseniki, sumu inayokaa mwambani pamoja na dhahabu. Kisima kile, kama mnavyojua, kimechimbwa chini ya mlima uleule ambao wachimbaji wadogo waliutoboatoboa kabla ya kuhamia Bulyanhulu. Basi tukadhani kazi imekwisha. Sumu imeonekana, kisima kifungwe, twende nyumbani.

Ndugu wageni waalikwa, ni nani kati yetu hapa aliyewahi kufunga kisima? Kabla ya kisima kile, akina mama wa Mwisengo walichota lamboni pamoja na ng'ombe, na kila masika waliwazika watoto kwa kuhara. Kisima walikichimba wenyewe, kwa majembe na kamba, wakakifunga pampu ya mkono, na tangu siku kilipotoa maji hakijakauka hata katika ukame ule mkali. Halafu kulikuwa na kijiji cha jirani, sitakitaja, ambako miaka michache nyuma wataalamu walikuja wakatilia shaka kisima, wakakifukia. Baadaye ikaonekana kilikuwa salama. Lakini watu walikuwa wamesharudi lamboni, na kipindupindu kiliwakuta hukohuko. Kwa hiyo Mzee Bujiku aliposimama katika mkutano ule wa kwanza na kusema, "Binti, hatukatai, ila tuonyeshe kwanza," hakuwa mkaidi. Alikuwa mtu aliyekumbuka.

Na Dakta Hiral akawaahidi mbele ya watu wote. Alisema, "Nipeni muda, wazee wangu. Nitawaletea jibu ambalo hata mimi mwenyewe nikitaka kulipinga nitashindwa."

Nilipiga makofi siku ile. Wote tulipiga.

Sasa niseme juu ya Asteria Mageni, mke wa Donatus, Mama Kabula.

Mguu wa mumewe ulipokatwa, Asteria alibaki hapa hospitalini akimuuguza, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, alianza kufagia veranda ambayo hakuna aliyemwomba afagie. Dakta Hiral alikuwa anatafuta mtu wa kutunza panya. Vijana wawili walishaacha kazi. Mmoja kwa kinyaa, mwingine kwa kuwa wenzake walimwita mfalme wa panya. Asteria alipoulizwa kama ataweza, alicheka. "Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "mimi nimelea watoto, ndama na mume. Panya ndio watanishinda?"

Akaajiriwa. Kila asubuhi alifika kwa baiskeli kutoka Mwisengo, akawapa panya chakula, akawabadilishia maranda, akawajazia maji. Na maji ndiyo yalikuwa kiini cha kazi yote. Panya wa chumba cha juu walikunywa maji ya kisima cha Mwisengo. Panya wa chumba cha chini, kile cha bondeni kando ya korongo, walikunywa maji ya mvua, ya tangi letu. Chakula kimoja, feni moja, mtunzaji mmoja. Kilichotofautiana kilikuwa maji tu.

Wale wawili walipendana. Sijui niseme vipi vingine. Dakta aliingia asubuhi akasema, "Shikamoo, Mama Kabula," na Asteria akaitikia, "Marahaba mwanangu, wagonjwa wako wameamkaje? Mmoja kanuna." Saa nne walikunywa chai pamoja kizingitini. Mama Lataben akituma chapati kutoka Kahama, nusu ilikuwa ya Asteria, na Asteria akileta viazi vitamu vya kuchemsha, nusu ilikuwa ya Dakta. Dakta alimfundisha kutazama kwenye darubini, akamwonyesha mishipa ya damu ilivyo ikiwa mizima na ilivyo ikiwa imevimba na kujikunja. Kuna asubuhi moja niliwakuta wanagombania kile kioo kama watoto wanaogombania redio.

Mwaka tisini na saba, wakati wa kiangazi, panya wa chumba cha juu wakaanza kuwa na mikia myeusi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu maneno mengi yamesemwa huko sokoni, na mengine si ya haki. Dakta Hiral aliiona mikia ile siku ileile. Hakuificha na hakuidharau. Lakini panya hawa, kwa jinsi walivyoumbwa, wangeugua hata wakinywa maji matakatifu. Hata chumba cha chini kulikuwa na mmoja mmoja mwenye mkia mweusi na uvimbe mdogo. Tofauti ilikuwa katika wingi na katika haraka, na ili kuijua tofauti hiyo kwa hakika ilibidi vyumba vyote viwili vifike mwisho wa kipindi, ndipo viungo vikaguliwe na kulinganishwa. Mwisho wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa mwaka huu.

Asteria hakusubiri mwanzo wa mwaka. Aliutazama mkia mmoja, akautazama tena, akamwambia Dakta, "Huu ni mguu wa mume wangu."

Haya ninayowaambia nimeyapata kwa Dakta mwenyewe, na ameniruhusu kuyasema. Asteria alitaka kurudi kijijini siku hiyohiyo akaseme. Dakta akamwomba asiseme. "Mama Kabula, tukisema leo halafu ikaonekana tumekosea, hawatatusikia tena maisha yao yote. Unakumbuka kile kisima cha jirani."

"Na tukinyamaza halafu ikaonekana tulikuwa sahihi?"

"Tutakuwa tumechelewa miezi michache. Maji haya wameyanywa miaka."

Asteria alirudisha kizimba mahali pake. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Sitasema." Na wale mliomjua mnajua kwamba Asteria akisema sitasema, hata mumewe hakupata neno.

Miezi michache. Je, lilikuwa ombi la mtu mbaya? Mimi nimeligeuza neno hili kichwani mwangu nikiwa natandika vitanda, nikiwa kanisani, nikiwa napika, na kila mara nimefika palepale: lilikuwa ombi la mtu mwangalifu, lenye sababu nzuri, na ningelikubali hata mimi. Ndiyo maana linaniuma. Lingekuwa la mtu mbaya tungeshamlaani na kusahau.

Kisha ikaja mvua. Sina haja ya kuwaeleza mvua ile ya El Ninyo. Kila aliyekaa hapa alipoteza kitu. Barabara ya Kahama ilikatika, dizeli haikufika, jenereta ikanyamaza. Asubuhi moja tukakuta korongo la nyuma limefurika na maji yamejaa chumba cha chini hadi magotini. Dakta Hiral aliingia na nguo zake, Asteria akaingia nyuma yake, wakawa wanabeba vizimba vichwani na kuvitoa nje, na kila kizimba walichokitoa kilikuwa kimya. Chumba cha juu kilipona. Panya wa maji ya kisima, wagonjwa, wenye mikia myeusi, walikuwa hai. Panya wa maji ya mvua, wale ambao ndio wangetuambia tofauti, walikufa wote.

Nilimkuta Dakta amekaa kwenye matope mbele ya mlango. Asteria alikuwa amesimama kando amejishika ubavu wa kulia. Nilidhani ni uzito wa vizimba. Nilimwambia aende akapumzike.

Pamoja na hayo yote Dakta Hiral alikwenda Mwisengo. Hili nataka lisikike, Mheshimiwa Mgeni Rasmi: hakujificha. Mara barabara ilipopitika alikwenda, akawaeleza wananchi kila kitu, yaliyoonekana na yaliyoharibika. Mzee Bujiku akamuuliza swali ambalo ni la haki kabisa.

"Hawa wa maji ya kisima wanaumwa. Sawa. Na wale wa maji ya mvua?"

"Walikufa, mzee."

"Walikufa kwa nini?"

"Kwa mafuriko."

"Basi binti yangu, mbona waliokunywa maji yetu ndio wapo hai?"

Watu wakacheka. Si kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka. Na Dakta, ambaye anaweza kuzungumza mbele ya maprofesa kwa lugha tatu, jibu lake lilikuwa limezolewa na korongo.

Ndipo Asteria aliposimama. Alitoka upande wa akina mama, akapita katikati ya mkutano, akafika mezani kwa mwenyekiti, akafungua viganja vyake akaviweka juu ya meza. Vilikuwa na madoa. Madoa yaleyale, meusi, magumu kama punje za mtama. Mimi niliyefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka miwili sikuwahi kuyaona, kwa kuwa kazini alivaa glavu, na nje ya kazi alikuwa na desturi ya kukunja mikono chini ya kanga.

Akasema, "Panya wa mvua hamtawaona. Mimi niliwalisha, na niliwaona. Hawakuwa hivi. Nimemaliza."

Kicheko kilikwisha. Baadhi ya watu waliacha kuchota siku ile. Wengine waliendelea, na siwalaumu, kwa maana chemchemi nyingine iko mbali na si kila mgongo unaufikia umbali ule na ndoo.

Wiki chache baadaye Asteria aliletwa wodini kwangu akiwa na tumbo limejaa. Dakta Kalisti alimpima, akatoka, akasimama dirishani. Ulikuwa uvimbe wa ini, na ulikuwa umeshakwenda mbali.

Dakta Hiral alikuja kila mchana. Mara ya kwanza alimletea chapati za Mama Lataben. Mara ya pili nilikuwa nabadilisha dripu, na nikasikia anamuuliza, "Mama Kabula, kwani uliendelea kuyanywa? Baada ya kuona ile mikia? Si nilikuambia uchote hapa tangini kwetu?"

"Nilichota hapa. Lile dumu la kwenye baiskeli. La mjukuu."

"Na wewe?"

"Mimi niliendelea na ya kisimani."

"Kwa nini?"

Asteria alimtazama kama mtu anayemhurumia mwanafunzi. "Uliniambia nisiseme. Mwanamke wa Mwisengo akiacha kuchota kisimani, wenzake watamuuliza. Akiacha, ameshasema."

Ndugu zangu, niliwahi kushika mikono ya watu wengi wakifa. Sijawahi kusikia maneno yaliyonishinda kama hayo. Dakta Kalisti ameniambia, kama daktari, kwamba uvimbe ule haukuanza katika miezi ile michache. Huenda ulianza zamani, huenda asingepona hata kama angeacha siku alipouona mkia wa kwanza. Nalipokea. Ni kweli ya kitabibu. Lakini nawaombeni msilitumie neno hilo kama mto wa kulalia.

Dakta Hiral aliinamisha kichwa kitandani. Akasema, "Nisamehe, mama."

Na Asteria hakusema nimekusamehe. Wala hakusema sikusamehe. Alisema, "Mimi nimekusikia. Kabula bado hajasikia." Halafu akauliza kama panya wa chumba cha juu wamepewa dagaa, kwa kuwa jana walipewa pumba tupu.

Alifariki mwanzoni mwa kiangazi hiki.

Niwaambie jinsi mambo yalivyokwisha, maana mmekuja kusikia hilo pia. Viungo vya panya waliobaki vilipelekwa chuo kikuu alikotoka Dakta. Jibu lilikuja mwezi uliopita. Mishipa ya damu imeharibika, na uvimbe wa ini ni mwingi kuliko walivyozoea kuuona kwa panya wa aina hii. Lakini kwa kuwa hapakuwa na wenzao waliolelewa hapahapa wa kulinganishwa nao, wataalamu wamekubali kuandika neno moja tu: inaelekea. Inaelekea maji yale yalichangia. Kwa neno hilo wafadhili wamesimamisha mradi, na kwa hilo leo tunafunga mlango. Dakta Hiral anakwenda Dar es Salaam kufundisha. Wanafunzi wake watapata mwalimu anayejua bei ya anachofundisha.

Na Mzee Bujiku, wewe hukungoja neno lolote kutoka Ulaya. Siku ya tatu ya matanga ulikwenda kisimani na spana, ukang'oa mpini wa pampu, ukaenda nao nyumbani. Sasa akina mama wanatembea hadi chemchemi ya Ilalo, wanakwenda giza wanarudi jua kali, na wakipita mbele ya nyumba yako baadhi yao hawakusalimii. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua umekuja na hotuba yako. Kama ndani yake hamna mashine ya kuchimba kisima kipya mbali na mlima ule, nakuomba kwa heshima zote uiongeze kabla hujasimama.

Wewe Dakta Hiral, mwanangu, nikuambie nini? Ungeweza kubaki Ulaya, ukawafuga panya wako kwenye nyumba isiyojua mafuriko, ukaandika majibu safi juu ya magonjwa ya watu usiowajua majina. Ulirudi kwenu. Ulitaka tupate jibu la hakika kwa kuwa ulituona tunastahili hakika kama watu wengine, na si kubahatishwa. Sijawahi kuheshimiwa na mtaalamu kiasi hicho. Na heshima hiyohiyo ndiyo iliyokufanya umwombe rafiki yako anyamaze. Yote mawili ni yako, na utaondoka nayo yote mawili. Siwezi kukupunguzia moja. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuona ukibeba vile vizimba, nilikuona pale kitandani, na milango ya nyumba yangu iko wazi kwako siku zote.

Limebaki jambo moja, na halimo katika ratiba.

Siku ya mazishi, Kabula, binti wa Asteria, ambaye ni mwalimu pale shule ya msingi Mwisengo, alinishika mkono akanivuta pembeni. Yeye amekunywa maji yale tangu utotoni, na viganja vyake sina haja ya kuvieleza. Akaniuliza, "Shangazi, mama alijua?"

Nikamwambia, "Alijua."

"Na Daktari alijua?"

"Alijua kiasi."

Akaniuliza, "Kiasi ni nini?"

Nimekaa na swali hilo miezi miwili. Nilifikiri leo, katika kuandaa maneno haya, nitalipatia jibu, na nimefika mwisho mikono mitupu. Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamwambia tunamuaga Dakta Hiral, na kwamba sitamlazimisha kumpa mtu mkono wala kukubali zawadi ya mtu. Akaniambia, "Nitakuja. Nikijisikia kusema, nitasimama. Nisipojisikia, nitakaa." Nikamwambia hayo ni sawa yote.

Amekuja. Amekaa mstari wa nyuma, karibu na mlango, na mwanawe mapajani. Naona ameshampa jirani yake amshikie mtoto.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba uniwie radhi kwa kuvuruga utaratibu. Nawashukuru wanakamati walioniamini, Mama Lataben aliyetulisha miaka yote hii, Ndugu Donatus aliyenipa ruhusa ya kulitaja jina la mkewe, na ninyi nyote mliovumilia jua. Mmenisikiliza kwa utulivu, na nawashukuru kwa hilo. Sasa utulivu huohuo naomba mumpe yeye.

Kabula, mwanangu, njoo. Kipaza sauti hiki hapa.